Amplifaya haiokoi antena fupi

Kuna wavuvi Mombasa wanaoamini antena ya redio ya boti ikikatika, amplifaya ya kupokelea (kifaa cha kukuza mawimbi yanayoingia) itafidia. Haifidii. Hukuza kelele pamoja na sauti, na ukibonyeza kuongea haikusaidii kitu.

Chaneli 16 ya baharini iko megahezi 156.8. Gawanya 300 (kasi ya mawimbi ya redio, kwa mamilioni ya mita kwa sekunde) kwa 156.8: wimbi lina mita 1.91, na robo yake, urefu wa kawaida wa antena, ni karibu sentimita 48. Antena fupi kuliko hapo huhitaji koili, yaani waya uliozungushwa. Hapo sehemu ya nguvu hupotea kama joto, na ukihamia chaneli ya mbali, antena hailingani tena na masafa yake.

Kagua plagi ya antena kwanza, hasa kwa chumvi ya bandari ya Kilindini. Ukiona shaba ina kutu ya kijani, kata waya hadi penye kung'aa, lehemu upya, zungushia utepe wa mpira.