Je, wajua kwa nini injini ndogo ya turbo hula mafuta kama injini kubwa?

Toyota GR Yaris ina injini ya silinda tatu, lita 1.6. Ukisikia ukubwa huo unadhani ni gari la kubana matumizi. Lakini ilipotoka mwaka 2020, ile ya soko la Ulaya ilikuwa na nguvu za farasi 261, na anayeikanyaga sawasawa hutembelea pampu mara nyingi kuliko karatasi ya kiwandani inavyodokeza. Je, kiwanda kinadanganya?

Hapana. Tatizo ni namna tunavyoisoma namba 1.6. Hiyo ni nafasi ambayo pistoni hupitia, si kiasi cha hewa kinachochomwa. Turbo huzungushwa na moshi unaotoka, nayo huishindilia hewa mpya ndani ya silinda. Presha hiyo ikifika mara mbili ya ile ya hewa ya kawaida, injini ya lita 1.6 huvuta hewa inayokaribia ya injini ya lita 3.2. Na hewa haiingii peke yake: kila gramu 14.7 hudai takriban gramu moja ya petroli.

Uchumi wa injini ndogo upo kweli, ila huonekana turbo ikiwa imelala. Injini kubwa inapokwenda taratibu hunyonya hewa kupitia mlango uliofungwa karibu wote, na kunyonya huko kunapoteza nguvu. Ndogo huufungua zaidi kwa kazi ileile. Ford Fiesta ST ya 2018, lita 1.5, ilikwenda mbali zaidi: kazi ikiwa nyepesi huzima silinda moja kati ya tatu.

Sasa piga hesabu. Gari dogo likienda kilomita 100 kwa saa bila kuongeza mwendo, kwenye barabara tambarare, huhitaji takriban kilowati 15. Farasi 261 ni kilowati 192. Injini ikigeuza asilimia 30 ya nishati ya petroli kuwa mwendo, nguvu hiyo yote hudai zaidi ya lita moja kwa dakika. Hakuna ujanja wa kihandisi unaoizuia hesabu hiyo, farasi hulishwa.

Linalokera zaidi, kwa maoni yangu, ni mafuta yanayomwagwa bila kutoa mwendo wowote. Ukikanyaga hadi mwisho, moshi unaoligonga gurudumu la turbo hukaribia nyuzi 1,000 za Selsiasi, na petroli ndani ya silinda hutaka kulipuka kabla ya wakati wake. Kompyuta ya injini hujiokoa kwa kuongeza petroli: uwiano wa hewa kwa petroli hushuka kutoka 14.7 hadi 12 hivi, au chini ya hapo. Petroli ya ziada haina oksijeni ya kuichoma. Kazi yake ni kuvukiza na kufyonza joto, kama jasho linavyoupoza mwili. Yaani petroli huongezwa kwa zaidi ya moja ya tano, na nyongeza hiyo inatumika kupoza vyuma. BMW ilijaribu njia nyingine kwenye M4 GTS ya silinda sita: ilinyunyizia maji ndani ya hewa inayoingia.

Woga huohuo wa mlipuko wa mapema huwalazimisha wahandisi kupunguza mbano wa silinda, yaani kiasi ambacho pistoni huibana hewa kabla ya cheche. GR Yaris ina 10.5 kwa 1, wakati Mazda MX-5 ya lita 2.0 isiyo na turbo ina 13 kwa 1, na mbano mkubwa hukamua kazi zaidi kutoka tone lilelile.

Maabara yanakopatikana matumizi yaliyo kwenye karatasi ya kiwandani hayaoni mengi ya haya. Kipimo cha zamani cha Ulaya cha matumizi ya mafuta, NEDC, kilifikisha gari kilomita 50 kwa saa kwa sekunde 26, mwendo ambao hata baiskeli ingeufuatilia kwa muda. WLTP, kipimo kilichokirithi na kuanza kutumika kwa aina mpya za magari Septemba 2017, ni kali zaidi na hufika kilomita 131 kwa saa, lakini nayo haidai hata nusu ya farasi wa gari la aina hii.

Kuna na suala la petroli yenyewe. Kiwanda kikitaja oktani 98 (oktani ni kipimo cha petroli kustahimili mlipuko wa mapema) nawe ukaweka ya chini, kihisi kinachosikia mlipuko huo huifanya kompyuta ichelewesha cheche, injini hupoteza nguvu, nawe unakanyaga zaidi kuirudisha. Injini isiyo na turbo huweza kuvumilia hilo. Ya turbo iliyosukumwa hadi ukingoni hulilipia kwa kila kilomita.