Mikono Ikipanda Yote kwa Pamoja

Mwenyekiti wa kikundi cha akiba anauliza, "Tumpe mkopo huu, au kuna anayepinga?" Kimya. Mkono mmoja unapanda, wa pili, wa tatu, halafu iliyobaki yote kwa mpigo. Karani anaandika: wanachama 25, wote wamekubali. Mimi ningetazama zaidi zile sekunde chache kati ya mkono wa kwanza na wa nne, kwa maana uamuzi umefanyika hapo.

Mwanasaikolojia Solomon Asch alilipima jambo hili, la mtu kufuata kundi, Marekani miaka ya 1950. Kadi moja ina mstari mmoja, nyingine ina mistari mitatu. Upi unalingana na ule wa kwanza? Mtu akiwa peke yake hakosei kabisa, au hukosea mara chache mno. Lakini aliyepimwa aliwekwa ajibu baada ya wengine, na hao wengine walikuwa wamepangwa na Asch mapema. Katika maswali 12 kati ya 18 walitaja kwa sauti jibu lilelile la uongo. Takriban theluthi moja ya majibu ya aliyepimwa katika maswali hayo ilifuata kundi, na watu watatu kwa kila wanne walifuata walau mara moja.

Kabla hujawaita watu kondoo, kumbuka theluthi mbili ya majibu yalikuwa sahihi, na mtu mmoja kwa kila wanne hakuyumba hata mara moja. Tena ukubwa wa kundi hauna nguvu tunayoidhania. Mpotoshaji mmoja karibu hana athari, wawili wanasumbua kidogo, watatu wanatosha. Ukiongeza wengine hapo hupati mengi zaidi. Na akitokea mwenzako mmoja tu anayetaja jibu sahihi, makosa hushuka hadi kama robo ya yalivyokuwa. Ndiyo maana mkono wa nne una uzito kuliko wa ishirini.

Watu hufuata wenzao kwa sababu mbili, na dawa zake ni tofauti. Kuna anayefuata kwa kuwa hajui, akidhani wenzake wana habari zaidi. Kuna anayejua vizuri ila anaogopa kuonekana mkaidi. Kura ya siri humsaidia huyu wa pili. Wa kwanza anahitaji kuelezwa hesabu ya mkopo kabla ya kura yoyote.

Uganda tunalo somo letu: Julai 2018 wenyeviti wa LC1, yaani baraza la kijiji, walichaguliwa kwa wapiga kura kupanga mstari nyuma ya mgombea. Faida yake naielewa, kila mtu anahesabu kwa macho na hakuna sanduku la kujazwa usiku. Lakini jirani anayekuazima toroli anaona umesimama wapi.

Kutii amri ni ndugu wa jambo hilohilo. Mwanasaikolojia Stanley Milgram, Chuo Kikuu cha Yale huko Marekani, 1961, aliweka swichi 30 kuanzia volti 15 hadi 450, na katika jaribio lake linalojulikana zaidi watu 26 kati ya 40 walifika mwisho kwa kumtii msimamizi, wakiamini wanamchoma mtu kwa umeme. Tazama ile ngazi: kila hatua ni volti 15 tu. Aliyekubali 135 atakataa 150 kwa sababu gani? Ila aliyepimwa alipoona wenzake wawili wakigoma mbele yake, waliofika mwisho walikuwa 4 kati ya 40. Nami hupenda kuwakumbusha wanaodhani "ndiyo afande" hutoka kwa ukali: mwanasaikolojia Jerry Burger aliporudia jaribio la Milgram, na matokeo yake kutoka 2009, kila aliyeambiwa "huna chaguo, lazima uendelee" alikataa. Watu walisukumwa na sababu zenye sura nzuri, si na amri tupu.

Sanduku la akiba lenye kufuli tatu, funguo kwa wanachama watatu tofauti, limejengwa juu ya elimu hii hata kama aliyelibuni hakuwaza Yale. Mwenyekiti akitaka fedha kabla ya siku ya kikao, lazima awashawishi watu watatu, na akigoma mmoja sanduku halifunguki.

Kwa kura, wasiojua kuandika wasiachwe nje. Mpe kila mwanachama punje mbili, harage la "ndiyo" na hindi la "hapana". Andaa mifuko miwili ya kitambaa kizito: mmoja wa kura, mmoja wa punje iliyobaki. Kila mtu aingize mkono uliofumbwa katika mifuko yote miwili. Wakiwa 25, kila mfuko uwe na punje 25, na maharage ya mfuko wa kura yalingane na mahindi ya ule wa pili. Yasipolingana, mtu ametumbukiza punje mbili mahali pamoja; rudieni. Ukitumia bakuli badala ya mfuko, kila aliye karibu anaona kilichodondoka. Kosa ninalolichukia zaidi ni mwenyekiti kushika mfuko mwenyewe, huku akimtazama kila mtu usoni.