Je, wajua inakuwaje mchezaji wa chuo Marekani anahamia kwa mahasimu na kucheza papo hapo?

Tarehe 10 Machi 2024, mji wa Greenville huko South Carolina, fainali ya kikapu cha wanawake ya kanda ya SEC (ligi ya vyuo vya kusini-mashariki), chuo cha South Carolina na LSU, chuo cha jimbo la Louisiana. Zimebaki kama dakika mbili tu. Binti wa mwaka wa kwanza wa South Carolina, MiLaysia Fulwiley, anampokonya mpira Flau'jae Johnson wa LSU, anachomoka nao, Johnson anamfukuzia na kumkamata makusudi, filimbi inalia, na hapo ndo mambo yakaharibika. Kusukumana kidogo, maneno mawili matatu, mara Kamilla Cardoso, Mbrazili mrefu kama mnazi, anamsukuma Johnson mpaka chini, ndugu yake Johnson anaruka kutoka jukwaani anaingia uwanjani (aliishia mikononi mwa polisi), wa akiba wanatoka benchi, waamuzi wanatoa watu nje mmoja mmoja. South Carolina walishinda 79-72 na Fulwiley, aliyefunga pointi 24 akitokea benchi, akabeba tuzo ya mchezaji bora wa mashindano.

Mwaka mmoja na mwezi baadaye, Aprili 2025, Fulwiley huyo huyo anatangaza anahama. Kwenda wapi? LSU. Akavae jezi moja na Flau'jae Johnson yule yule aliyemkamata pale Greenville.

Sisi wa huku tukisikia hivyo akili inaenda moja kwa moja kwa Clatous Chama kutoka Msimbazi (Simba) kwenda Jangwani (Yanga) mwaka 2024, na jinsi watu walivyolala bila kula. Ila kuna kitu hapa kinazidi hata kile cha Chama. Chama ni Mzambia aliyekuja kufanya kazi, mkataba ukaisha akaenda kwingine. Fulwiley ni mtoto wa Columbia, mji uleule wa chuo cha South Carolina, shule ya sekondari kasoma hapohapo, yaani ni kama mtoto aliyezaliwa nyuma ya klabu. Watu walimjua kabla hata hajavaa jezi ya chuo.

Swali sasa: hivi hili linaruhusiwaje? Maana mtu aliyefuatilia kikapu cha vyuo miaka kumi iliyopita anajua zamani ungekiona cha moto.

Mfano mzuri ni wa Evina Westbrook. Huyu alikuwa gadi wa Tennessee, tena nguzo ya timu. Na ukisema Tennessee kwenye kikapu cha wanawake, hasimu wake mkubwa ni mmoja, UConn, chuo cha Connecticut. Hao walikutana mara ya kwanza Januari 1995, UConn wakashinda 77-66, halafu wakakutana tena kwenye fainali ya taifa mwaka huohuo UConn wakashinda tena 70-64, wakamaliza msimu 35-0. Toka hapo ikawa vita. Kocha Pat Summitt upande wa Tennessee, mama aliyemaliza kazi na ushindi 1,098 na mataji 8, na kocha Geno Auriemma upande wa UConn, mtu mwenye mdomo asiyejua kunyamaza. Ilifika mahali mwaka 2007 Summitt akasema basi, mechi za kila msimu zimekwisha, hatuchezi tena na hao. Kisa kikubwa kilichosemwa ni namna UConn walivyomsaka Maya Moore, binti wa sekondari, ajiunge nao, ikiwemo kumpangia ziara kwenye makao makuu ya televisheni ya michezo ESPN ambayo yako Connecticut hukohuko, jambo lililohesabika kuwa kosa dogo la kanuni. Mechi ya msimu wa kawaida haikurudi mpaka Januari 2020, na Summitt alishafariki tangu 2016.

Sasa katikati ya uhasimu wa namna hiyo, 2019, kocha wa Tennessee akafukuzwa, Westbrook akaamua kuondoka, akaenda UConn. UConn wakaomba NCAA, kile chama kinachosimamia michezo ya vyuo, wamruhusu acheze mara moja. Wakakataliwa. Wakakata rufaa. Wakakataliwa tena. Kwa hiyo mwaka 2020 mechi ya Tennessee iliporudi kule Hartford baada ya miaka yote ile, UConn wakashinda 60-45, Westbrook hakugusa mpira. Alikaa msimu mzima. Alikuja kucheza dhidi ya timu yake ya zamani Januari 2021 huko Knoxville, nyumbani kwa Tennessee, UConn wakishinda 67-61.

Hiyo ndo ilikuwa sheria: ukihama chuo, mwaka mmoja hauchezi. Unafanya mazoezi, unasoma, unakaa na suti pembeni unapiga makofi. NCAA walikuwa wanasema ni kwa faida ya masomo, mwanafunzi atulie kwanza kwenye chuo kipya. Sawa, lakini ilikuwa ikiuma kwa michezo mitano tu mikubwa kikiwemo kikapu, wa michezo mingine wengi walikuwa wanahama na kucheza, sasa sijui hao masomo yao hayakuhitaji utulivu. Na kubwa zaidi, kocha yeye alikuwa anahama anavyotaka. Vic Schaefer aliiacha Mississippi State 2020 akaenda Texas, na Kim Mulkey, huyuhuyu kocha wa LSU aliyempokea Fulwiley, alitoka Baylor 2021 baada ya kuwapa mataji matatu. Hakuna aliyemwambia akae mwaka mzima kwanza apoe.

Tena kabla ya Oktoba 2018 ilikuwa mbaya zaidi. Ulikuwa unahitaji ruhusa ya chuo chako hata kuongea na chuo kingine, na bila ruhusa hiyo huko uendako hawakuruhusiwa kukupa skolashipu. Makocha walikuwa wanaandika kabisa orodha ya vyuo ambavyo huruhusiwi kwenda, na unaweza kubashiri juu ya hiyo orodha kulikuwa na nani. Mahasimu, pamoja na wale wa kanda moja.

Halafu ukuta ukaanza kubomoka, tofali kwa tofali.

Oktoba 2018 ikaletwa potali ya uhamisho. Watu wanaiongelea kama soko la Kariakoo lakini kusema kweli ni mfumo wa kompyuta tu, orodha ya majina. Mchezaji anaiambia ofisi ya chuo chake nataka kuhama, ofisi ina siku mbili za kazi kuingiza jina lake, likishaingia tu kocha yeyote nchi nzima anaweza kumpigia simu. Ruhusa ya kocha wako haihitajiki tena, yeye anaarifiwa tu. Nadhani hapa ndipo mapinduzi yenyewe yalipo kuliko hata hizo sheria zilizofuata, maana mamlaka ya kusema "popote isipokuwa kule" ilitoka mikononi mwa kocha.

Aprili 2021 wakaruhusu kila mwanariadha ahame mara moja bila kukaa nje. Juni mwaka huohuo SEC nao, ambao walikuwa na sheria yao wenyewe ya kuwabana wanaohama ndani ya kanda, wakaiondoa. Bila hiyo safari ya kutoka South Carolina kwenda LSU ingekuwa na mwiba, kwa sababu vyote viwili viko SEC. Julai 1, 2021 wachezaji wakaruhusiwa kulipwa kwa jina na sura zao, matangazo na mikataba (Fulwiley mwenyewe alisaini na Curry Brand, chapa ya nyota wa NBA Stephen Curry, mwaka 2024 akiwa bado mwaka wa kwanza, wa kwanza wa chuo kupata hiyo). Desemba 2023 wanasheria wakuu wa majimbo saba wakaipeleka NCAA mahakamani kuhusu wale wanaohama mara ya pili, mahakama ikasimamisha kizuizi, na Aprili 2024 NCAA wenyewe wakasalimu amri: hama mara nyingi utakavyo, mradi masomo yako yako sawa. Mwaka 2025 kulikuwa na dirisha tu la kama siku 30 la kuingiza jina.

Kwa hiyo Westbrook 2019 alipoteza msimu mzima, Fulwiley 2025 hakulazimishwa kukaa nje hata mechi moja.

Ila sheria inaeleza tu kwamba unaweza. Haielezi kwa nini uende kwa hasimu wakati kuna vyuo zaidi ya 350 vya daraja la kwanza. Kwa nini hapohapo?

Hapa watu wengi wanakimbilia kusema pesa. Pesa ipo, sibishi. Lakini angalia dakika. Fulwiley ni yule aliyepita katikati ya wachezaji wa chuo cha Notre Dame kwenye mechi iliyochezwa Paris Novemba 2023, akazungusha mpira nyuma ya mgongo akafunga, mpaka gwiji wa NBA Magic Johnson akamsifia. Pamoja na yote hayo, kwa Dawn Staley, kocha wa South Carolina, alikuwa akitokea benchi, misimu yote miwili alikuwa na wastani wa pointi 11.7, kwa dakika ambazo hazifiki 20 kwa mechi. 2025 alipewa tuzo ya mchezaji bora wa akiba wa SEC, tuzo ya heshima, lakini ni tuzo inayokukumbusha kila ukiitazama kabatini kwamba hukuanza. South Carolina wana wachezaji wengi wazuri mno, na Staley haanzishi mtu kwa sababu mashabiki wanampenda. Ndo maana anashinda.

Na nani anajua thamani ya mchezaji wa benchi kuliko aliyeumizwa naye? Kocha wa mbali anaangalia video. Kocha hasimu amekaa usiku anapanga namna ya kukuzuia, mpango wake umefeli mbele ya macho yake, anajua unapenda kuingia kwa mkono upi na ukichoka unafanyaje. Mulkey aliziona zile pointi 24 akiwa amesimama mita chache tu. Na wewe mchezaji nawe unawajua, kumbi unazijua, kasi ya ligi unaijua, hakuna cha kujifunza upya. Kwa upande wa mchezo kwa hasimu ni jirani kuliko kwa rafiki.

Kuna Mkenya ndani ya hadithi hii pia. Madina Okot, aliyekuwa akichezea Chuo Kikuu cha Zetech Nairobi, dada wa futi 6 na inchi 6, alitua Mississippi State msimu wa 2024-25. Msimu mmoja tu, akawa anavuna pointi kama 11 na ribaundi zaidi ya 9 kwa mechi. Halafu 2025 akahama. Kwenda South Carolina.

Vijana wa sasa wanaweza wasione tatizo liko wapi, maana Mississippi State kidogo wamepoa. Lakini muulize mtu wa Starkville, mji wa chuo hicho, kuhusu South Carolina umuone uso. Miaka mitatu mfululizo, 2016, 2017 na 2018, Mississippi State walifika fainali ya SEC na mara zote tatu wakakuta South Carolina, wakapigwa zote tatu. Na 2017 yenyewe ndo inauma zaidi, walikuwa wametoka kuifunga UConn kwenye nusu fainali, kikapu cha Morgan William cha sekunde ya mwisho kikavunja mlolongo wa ushindi 111, nchi nzima imechanganyikiwa, siku mbili baadaye fainali ya taifa ni nani kasimama mbele? South Carolina. 67-55.

Okot wakati huo wala hakuwa na habari na mambo hayo, alikuwa mtoto Kenya. Na hapo ndo utaona uhasimu unakaa wapi. Unakaa jukwaani, kwa wenye tiketi za msimu na babu waliokuwepo 2017. Mchezaji anapita miaka minne tu, siku hizi hata haifiki minne.

Kule Columbia mashabiki walilia sana kuhusu Fulwiley, usaliti, mtoto wa nyumbani, vipi angeweza. Msimu huohuo wa usajili walikuwa wanashangilia kumpata Okot, na Ta'Niya Latson aliyeongoza nchi nzima kwa pointi akiwa Florida State. Sikuona mtu aliyeuliza Starkville wamelalaje.