Kwa nini gia ya baiskeli hujirukia yenyewe?

Umeweka gia ya nne, unakanyaga vizuri, mara tak! Cheni imehamia ya tano bila kuagizwa. Tanga ni mji wa baiskeli, na kila mtaa una fundi wake wa hiari. Fundi huyo hukimbilia bisibisi na kuanza kuzungusha zile skrubu mbili za nyuma. Hapo ndipo ubovu mdogo unapokua, kwa sababu skrubu hizo mara nyingi hazina kosa.

Skrubu zilizoandikwa H na L huweka mipaka tu. H huzuia cheni isidondoke nje ya gia ndogo kabisa, na L huizuia isipande ikapitiliza gia kubwa na kuingia kwenye spoki. Gia zote za katikati zinatawaliwa na waya.

Zamani mwendeshaji alisogeza kishikio taratibu mpaka asikie cheni imetulia. Mwaka 1984 Shimano ya Japani ilitoa mfumo wa vituo, ambapo kila "tik" mkononi huvuta waya kwa kipimo maalumu. Katika mifumo yake ya gia 7, tik moja huvuta waya karibu milimita 3, na ule mkono unaoning'inia nyuma husogea kama milimita 5, yaani umbali wa gia hadi gia. Waya ukilegea milimita 1 tu, mkono unakosea karibu milimita 2. Cheni inabaki haiko huku wala kule, inakwaruza mpaka iruke.

Sasa sikiliza inakataa upande gani. Ikisita kupanda gia kubwa, waya umelegea. Tafuta nati ya kuzungusha kwa vidole pale waya unapoingilia, kwenye mkono wa gia au kwenye usukani, uifungue nusu mzunguko kinyume cha saa, ujaribu, uongeze kidogo tena. Ikisita kushuka gia ndogo, ama waya umekaza mno, ama umeshika kutu ndani ya ganda. Waya hauwezi kusukuma. Anayerudisha mkono ni springi, na springi haishindi kutu.

Kutu hiyo Tanga ni jambo la kawaida, kwa hewa ya chumvi tuliyo nayo. Tena mji wenyewe ni tambarare: mtu anaweza kukaa miezi na gia ileile, akaikumbuka nyingine siku anapopambana na kusi akiwa na mzigo. Waya usiotembea hugandia. Kuusafisha ni kubahatisha. Mimi ningebadilisha waya na ganda lake kwa pamoja.

Kama baiskeli iliangukia upande wa kulia, ichuchumalie kwa nyuma utazame. Mkono wa gia ukiinamia spoki, kipande cha chuma kinachoushika kimepinda, na hakuna nati itakayokusaidia mpaka kinyooshwe.

Ikiruka pale tu unapokanyaga kwa nguvu, pima cheni kwa rula ya inchi 12. Anzia katikati ya pini moja: pini ya 24 baada yake inatakiwa kukaa kwenye 12 kamili. Ikizidi kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, cheni imekwisha. Na ukifunga mpya, ikaendelea kuruka kwenye ile gia moja ya kila siku, basi meno ya gia hiyo nayo yameliwa.