Kufundisha watoto kwa kujitolea: yanayosemwa na yaliyothibitika

Vijana wa mtaani wakiamua kuwafundisha watoto wasiojua kusoma, hawakosi kuambiwa maneno. Mengine huwavunja moyo, mengine huwapa matumaini ya uongo, na kwangu mimi haya ya pili ndiyo yenye madhara zaidi. Mifano mingi hapa naitoa India, kwa shirika la Pratham lililoanzia mitaa ya mabanda ya Mumbai katikati ya miaka ya 1990, kwa sababu kazi yake imepimwa na watafiti mara nyingi, ilipofaulu na ilipokwama.

"Huna cheti cha ualimu, utafundisha nini?"

Pratham iliwachukua wasichana wa mitaa hiyohiyo waliosoma sekondari, ikawapa mafunzo ya wiki mbili hivi, kisha ikawakabidhi watoto 15 hadi 20 wa darasa la tatu na la nne waliobaki nyuma. Walikaa nao saa mbili kila siku ya shule. Utafiti uliofanyika Mumbai na Vadodara kati ya 2001 na 2003 ulionyesha kuwa alama zilipanda, na walionufaika zaidi ni wale waliokuwa wakishika mkia. Mwalimu wa darasa alikuwa anakimbizana na mtaala. Wasichana hawa waliruhusiwa kurudi nyuma hadi pale mtoto alipokwama, hata kama ni kwenye herufi.

"Fungua kituo tu, watoto watakuja wenyewe."

Hili ndilo linaloua vituo vingi. Huko Jaunpur, katika jimbo la Uttar Pradesh, wanakijiji walijitokeza kwa wingi, wakafunzwa na Pratham, wakafungua madarasa ya kusoma nje ya saa za shule. Aliyehudhuria alisonga mbele. Hata aliyekuwa hajui herufi alianza kuzitambua. Lakini waliohudhuria walikuwa asilimia 8 tu ya watoto, na wengi wa wasiojua kusoma kabisa hawakutia mguu.

Mwenye kuijua nyumba ya maskini hashangai. Mtoto akitoka shule ana maji ya kuchota, mdogo wake wa kubeba mgongoni, pengine na karanga za kutembeza. Yule uliyemkusudia ndiye asiye na nafasi ya kuja, na anayefika jioni na daftari safi mara nyingi ni yule ambaye kwao kuna mtu wa kumhimiza.

Pratham haikung'ang'ania jioni. Mwaka 2013 na 2014, katika jimbo hilohilo, ilipeleka kambi za kusoma ndani ya shule, saa za masomo, kwa vipindi vya siku 10 au 20, wafanyakazi wake wakisaidiana na watu wa kujitolea. Mwishoni karibu nusu ya watoto waliweza kusoma aya au hadithi, huku kwenye shule zisizo na kambi ikiwa kama robo tu. Kwa hiyo kabla ya kutafuta chumba cha kupanga, nenda kaongee na mwalimu mkuu.

"Wa darasa la tano wakae na wenzao wa darasa la tano."

Kwetu, Uwezo, mpango wa kupima kama watoto wanajua kusoma na kuhesabu, ulianza 2009-2010 kutuma watu wa kujitolea nyumba kwa nyumba Kenya, Tanzania na Uganda. Kipimo chake cha Kiswahili kilikuwa rahisi sana: mtoto alionyeshwa silabi, kisha maneno, kisha aya, kisha hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Ripoti zilionyesha watoto wengi wamefika madarasa ya juu bila kuiweza hadithi hiyo. Ndiyo maana siku ya kwanza ya kituo iwe ya kupima, mtoto mmoja mmoja, pembeni, asichekwe na wenzake. Kundi la silabi likae mkeka wake na kadi zake, la hadithi lisomeane, na anayeweza apandishwe kundi siku hiyohiyo. Hesabu nazo zianze na vijiti vilivyofungwa makumi makumi.

"Kujitolea hakuna gharama."

Kuna nauli, chaki, uji, na mtu wa kuzunguka kuona kinachofundishwa. Wale wasichana wa Mumbai walilipwa posho ya kila mwezi, ndogo lakini ya uhakika. Kijana asiyepewa hata nauli ataondoka akipata kibarua, na hatuna haki ya kumlaumu.

"Mgeni wa wiki mbili ni bora kuliko kukosa kabisa."

Siamini hivyo. Asiyejua Kiswahili hawezi kumfundisha mtoto kuunganisha silabi za Kiswahili, na watoto wanaozoeshwa mtu mpya kila mwezi huumia anapoondoka. Kuna na la usalama: awe mgeni au jirani, achunguzwe kabla hajakabidhiwa watoto, asibaki peke yake chumbani na mtoto, na mzazi awe na ruhusa ya kuingia saa yoyote bila kutoa taarifa.