Je, wajua kwa nini mateso ya utotoni hurudi ukubwani kama ugonjwa?

Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo, husema wahenga. Kwa ugomvi wa juzi, sawa. Lakini kwa mtoto aliyekulia kwenye kipigo, matusi au kutelekezwa, yaliyopita huweza kabisa kuwa ndwele: ya moyo, ya mapafu, ya ini, miaka 40 baadaye.

Mtazame mtoto wa miaka sita aliyejilaza gizani akisikiliza mlango. Ufunguo ukiingia kwenye kitasa, uzito wa hatua tu unamwambia kama baba amerudi amelewa. Papo hapo tezi zilizokaa juu ya figo zake zinamwaga adrenalini na kotisoli, homoni za kukabili hatari. Moyo unakwenda mbio, sukari inapanda kwenye damu, tumbo linakaza. Mwili umejiandaa kukimbia au kupigana, ingawa mtoto huyu hana pa kukimbilia. Hatari ikipita, kila kitu kilipaswa kutulia. Ila kesho usiku ni yale yale.

Hapo ndipo madhara yanapoanza. Kotisoli ndiyo pia huizuia kinga ya mwili isizidi kiasi. Ikimwagika kila mara, seli huacha kuisikia, na kinga hubaki ikiwaka chinichini kama makaa chini ya jivu. Joto hilo huiumiza mishipa ya damu polepole, bila maumivu yoyote, na hufungua njia ya kisukari na maradhi ya moyo. Ubongo nao, ambao bado unajengwa, hujifunza kunusa hatari haraka kuliko unavyojifunza kujituliza.

Kwa hiyo mtu huyu akikua na kushika sigara au chupa, tusikimbilie kusema hana adabu. Nikotini na pombe humpa utulivu ambao mwili wake haukuwahi kufundishwa kuupata wenyewe. Tena hata ukiondoa sigara na pombe kwenye hesabu, sehemu ya hatari hubaki.

Haya yalianza kuonekana wazi Marekani. Katika miaka ya 1980, daktari Vincent Felitti aliendesha kliniki ya kupunguza unene huko San Diego, akashangaa kuona watu waliokuwa wakifanikiwa kupungua ndio wanaoacha matibabu. Alipowauliza kuhusu maisha yao, wengi walisimulia kudhulumiwa kingono utotoni. Kwa baadhi yao unene ulikuwa ngao. Yeye na Robert Anda wakachapisha mwaka 1998 utafiti wa watu zaidi ya 9,000. Waliopitia aina nne au zaidi za mateso walikuwa na uwezekano wa kupata maradhi ya moyo zaidi ya mara 2, na ugonjwa sugu wa mapafu karibu mara 4, kuliko wasiopitia hata moja.

Huo ni uwezekano, si hukumu. Huko Bucharest, Romania, watafiti walifuatilia watoto 136 waliokuwa wakilelewa katika vituo vya yatima. Nusu yao walichaguliwa kwa kura wakapelekwa kwenye familia za malezi. Walipopimwa wakikaribia ujana, wale waliobaki vituoni miili yao ilishtuka kidogo tu, kama king'ora kilichochoka. Waliopata mlezi wao kabla ya kufikisha miaka miwili, kotisoli yao ilipanda na kushuka kama ya mtoto mwingine yeyote.