Kuficha jina si kumficha ndugu: dhana potofu kuhusu miti ya ukoo mtandaoni

Kila ninapomkabidhi mteja mti wa ukoo wake na kumwomba asiupakie mtandaoni kabla hatujaupitia pamoja, hunijibu vilevile: "Usiwe na wasiwasi, majina ya walio hai yamefichwa." Jibu hili linaniumiza, kwa kuwa wanaolitoa wanawapenda ndugu zao na wanaamini kwa dhati kwamba wamewalinda, ilhali hawajawalinda.

Jina ni sehemu moja tu ya utambulisho wa mtu. Chukua kisanduku kilichoandikwa "yu hai" mahali pa jina. Juu yake yupo baba aliyefariki, ambaye jina lake, picha yake na mahali alipozikwa vinaonekana bila kizuizi. Pembeni wapo kaka wawili, nao marehemu, walioandikwa kikamilifu. Na katika maelezo ya baba huyo mtu amenakili tanzia nzima, pamoja na mstari usemao kwamba marehemu ameacha mjane na binti mmoja ambaye ni mwalimu. Binti huyo amefichwa wapi? Anayemtafuta ameshajua ukoo wake, kazi yake na, akipanda ngazi moja, jina la ukoo wa mama yake kabla ya kuolewa, ambalo ni swali la usalama linalotumika katika akaunti nyingi. Mwaka 2000 mtafiti Latanya Sweeney alionyesha kuwa tarehe ya kuzaliwa, jinsia na msimbo wa posta, bila jina, vinaelekea kutosha kumtambua mtu mmoja mmoja kwa takriban asilimia 87 ya wakazi wa Marekani. Mti wa ukoo hutoa mengi kuliko hayo matatu.

Programu huficha nafasi za jina na tarehe, lakini haisomi maelezo, nyaraka wala maandishi yaliyo chini ya picha. Kwa hiyo picha ya harusi iliyobandikwa kwenye ukurasa wa bibi marehemu, ikiwa na majina ya wajukuu wote kutoka kushoto kwenda kulia, hubaki kama ilivyo. Isitoshe, programu nyingi humhesabu mtu asiye na tarehe ya kifo kuwa amefariki pale tu inapopita miaka 100 au 110 tangu azaliwe, na asipokuwa na tarehe yoyote huweza kukisia kutokana na tarehe za jamaa zake. Makisio hayo hukosea, na shangazi ambaye hukumwandikia mwaka wa kuzaliwa anaweza kutangazwa kama marehemu, habari zake zote zikiwa wazi. Mwekee alama ya kuwa yu hai wewe mwenyewe.

Ndiyo maana nasisitiza, hata kwa wanaoona ninazidisha, kuwe na faili mbili: moja kamili inayobaki kwenye kompyuta yako, na nyingine ya hadharani inayoanzia kwa marehemu, ambamo visanduku vya walio hai vimeondolewa kabisa. Kabla ya kupakia hiyo ya pili, ihifadhi kama GEDCOM, aina ya faili ambayo programu za miti ya ukoo hubadilishana, na uifungue kwa programu ya kawaida ya kuandikia, maana ni maandishi matupu, kisha tafuta jina la kila ndugu aliye hai, moja baada ya jingine. Karibu kila mara kuna jina linaloibuka mahali ambapo hukulitarajia.

Wapo wanaodai kuwa habari hizi ni za umma tayari. Si zote: taarifa za sensa ya Uingereza hufungwa kwa miaka 100, ndiyo maana ile ya 1921 ilifunguliwa mwaka 2022, na za Marekani hufungwa kwa miaka 72. Wengine husema mti wao ni wa faragha, wakisahau kwamba kila jamaa aliyealikwa anaweza kunakili anachokiona na kukipakia kwingine. Na wanaosema marehemu hana siri wana hoja kisheria, kwani kanuni ya Umoja wa Ulaya ya kulinda taarifa binafsi, inayotumika tangu 2018, hailindi taarifa za waliokufa. Lakini ugonjwa wa kurithi, au mtoto aliyeasiliwa bila kuambiwa, ni mambo yanayowagusa walio hai, nami sichapishi lolote kati ya hayo kabla ya kuzungumza nao.

Dhana ya mwisho ni kwamba vinasaba ni mali ya aliyepimwa peke yake. Nusu ya vinasaba vyako umevipata kwa mama na nusu kwa baba, na unashiriki takriban asilimia 12.5 na binamu yako wa kwanza. Mwaka 2023 wavamizi waliingia katika akaunti zipatazo 14,000 za 23andMe, kampuni ya kupima vinasaba, kwa kutumia nywila zilizokwisha kuvuja kwingine, na kupitia huduma ya kuunganisha jamaa wakapata taarifa za watu wapatao milioni 6.9. Kabla ya kutuma sampuli, waambie wazazi, ndugu na watoto wako, tumia nywila usiyoitumia popote pengine, na uzime orodha ya jamaa hadi wote wawe wamekujibu.